Alama za Vema Siku ya Maziko

Jumatatu, tarehe nne Mei. Mvua zimekwisha. Jua kali tangu asubuhi, upepo unazoa vumbi kwenye njia ya Nzega. Leo tumeitwa bomani kwa shauri la shule yetu.

Ndivyo nilivyoandika asubuhi ile kabla ya kutoka nyumbani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, na huenda mengine nimeyakumbuka vibaya. Lakini daftari langu la kumbukumbu bado ninalo, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Shule yetu ilikuwa pembeni mwa mji wa Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara, mahali ambapo wapagazi walikuwa wakitua mizigo. Haikujengwa na misheni wala na serikali. Wazazi waliijenga wenyewe, mafundi, wachuuzi na wakulima wa mtama, na watoto wa Kiislamu na wa Kikristo wakakaa mkeka mmoja. Kuta zilipandishwa na mwashi mmoja mzee ambaye hakutaka ujira. Sisi tulimletea maji na udongo tu. Mwalimu nilikuwa mimi, kwa kuwa hakupatikana mwingine.

Serikali ya Waingereza ilitaka kila shule isajiliwe. Ikikataliwa, ifungwe, na atakayeendelea kufundisha ashitakiwe. Tulipeleka maombi, yakarudi: madirisha ni madogo. Tukabomoa, tukapanua. Yakarudi tena: choo kiko karibu na kisima. Tukachimba kingine mbali. Sitasema walituonea. Choo kweli kilikuwa karibu na kisima.

Mara ya tatu walijibu kwamba Bwana Mkaguzi atakuja mwenyewe mwezi wa Machi. Siku hawakuitaja. Atakagua jengo, kisha daftari la mahudhurio, apate kujua kama watoto wanakuja kweli.

Mwezi huohuo yule mwashi akafariki. Alikata roho alfajiri, na ilikuwa azikwe kabla ya adhuhuri. Nilipofika shuleni watoto wote walikuwa wamekuja, wamejibanza chini ya upenu, mvua inanyesha. Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee mmoja fundi cherehani, akanijia kanzu imelowa mpaka magotini.

"Mwalimu, kaburi linajaa maji. Wape watoto ndoo, twende."

"Shikamoo, Mzee. Na mkaguzi je, akija?"

"Marahaba. Mwezi unakwisha huu, hajaja. Ataichagua leo, na mvua hii? Kuta hizi kaziweka nani? Watoto wakae humu wanaimba alifu kwa ujiti, naye anazikwa na watu sita?"

Niliita majina, kila mmoja akaitika, nami nikawatia wote alama ya vema kwa siku nzima, asubuhi na mchana. Daftari nikaliacha wazi mezani wino ukauke, tukaondoka kwa mstari, ndoo mikononi. Wakati ule sikuona kosa. Kwetu mtu aliyekwenda mazikoni hahesabiwi kuwa hayupo. Asiyekwenda ndiye anayeulizwa yuko wapi.

Tulirudi saa nane. Mlangoni palikuwa na alama za magurudumu, na mezani karatasi: Bwana Mkaguzi alifika saa nne, akangoja zaidi ya saa moja, hakuona mtu, na daftari amelichukua. Niseme haki yake. Alikuja kwenye tope lile, akangoja, na hakuchukua kitu kwa siri.

Basi ndiyo ikawa safari ya bomani. Njiani mwenyekiti alinishika mkono.

"Sikiliza. Utasema uliandika kwanza, halafu ndiyo ikaja habari ya msiba. Basi. Neno moja."

"Lakini Mzee, habari ulinipa wewe, kabla sijaita majina."

"Mimi sitaulizwa. Utaulizwa wewe."

Bwana Shauri, Mwingereza msimamizi wa wilaya, alikuwa amekaa nyuma ya meza, mkaguzi pembeni, na karani wa Kiafrika akitafsiri. Daftari la mahudhurio lilikuwa mbele yao, kurasa zimejikunja kwa unyevu. Swali lilikuja mapema kuliko nilivyotazamia.

"Ulipotia alama hizi ulijua kwamba watoto hawatakaa darasani siku hiyo?"

Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa anatazama kofia yake.

"Nilijua, Bwana."

"Basi kwa nini uliandika kwamba wapo?"

"Walikuwepo, Bwana. Walikuwa na mimi."

Karani alisita kabla ya kuitafsiri. Hakuna aliyecheka. Mkaguzi alisema taratibu kwamba jengo alilikuta safi, na kwamba anasikitika kwa kifo cha mzee yule. Lakini daftari linalosema watoto wapo mahali ambapo hawapo haliwezi kuaminiwa kurasa zake nyingine. Bwana Shauri akaandika mistari michache. Usajili umekataliwa, na shule ifungwe kuanzia siku ile.

Wapo waliosema baadaye kwamba tungekataliwa tu, kwa kuwa mwalimu sikuwa na cheti. Sijui. Hilo halikutajwa pale, na siwezi kujificha nyuma yake.

Nje, mwenyekiti alivaa kofia yake.

"Umeshinda, Mwalimu. Sasa huo ukweli wako nenda ukawafundishe mbuzi."

Aliondoka peke yake. Nami mpaka leo sijui nilisema kweli kwa kuipenda, au kwa kuogopa swali la pili. Neno moja lingetosha. Pengine wale watoto wangejua kusoma.

Mchana ule niliwaambia watoto waende kwao. Walidhani ni msiba mwingine. Mmoja aliuliza kama wachukue ndoo. Wazazi wakaja kung'oa karanga tulizopanda nyuma ya darasa, maana uwanja tuliazimwa tu, na sasa ulikuwa unarudishwa kwa mwenyewe. Mimi nilijifungia ndani. Jioni mke wangu akafungua mlango, akaniita.

"Baba watoto, njoo uone. Kuna mtu ameweka kapu hapa, hata hodi hakupiga."

Lilikuwa fungu letu la karanga, bado na udongo. Kapu nililitambua. Lilikuwa lile la mwenyekiti, la kuwekea vitambaa, nyuzi nyeusi zimenasa kwenye ukindu. Mke wangu alizimenya, akazitwanga zikiwa mbichi, akaungia kisamvu. Tulikula na ugali wa mtama.