Injini Iliyoungua Kitai

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila ikinijia mwili bado unanisisimka. Nilikuwa msichana mwenye ajira mpya Mbinga mjini, miaka ya soko huria, benki binafsi zilipofika hadi kwetu. Yetu ilikuwa na dirisha la Kiislamu. Wateja wengi walikuwa Wakristo, maana huku kwetu wangekuwa nani wengine? Tulikatazwa riba. Mteja akitaka kitu, benki inakinunua kwanza, kinakuwa mali ya benki, ndipo inamuuzia kwa faida iliyotajwa wazi, naye analipa kidogo kidogo.

Mama Damari, mjane Mwanglikana wa Mbaha kando ya ziwa, alitaka injini ya boti lake la kuvulia dagaa. Meneja wetu alikuwa mtu wa haraka. Alimsainisha mkataba wa kuinunua na kupokea malipo ya awali injini ikiwa bado dukani Songea, benki haijainunua. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Benki ilipokuja kuilipia na kuipakia, lori lilipinduka karibu na Kitai likawaka moto na mzigo wote.

Meneja akasema mama alipe hivyo hivyo kwa kuwa amekwisha saini, la sivyo boti lichukuliwe. Boti lenyewe ndilo lililokuwa likisomesha watoto wake! Alikaa kwenye benchi letu, mikono kichwani.

"Binti, nilipe injini ambayo hata harufu yake sijainusa?"

Nilijifanya natafuta kalamu.

Wiki hiyo hiyo akaja Sheikh, mjumbe wa kamati ya sharia ya Kiislamu ya benki, kukagua kazi zetu. Meneja alimkaribisha kwa chai na maandazi, akamweleza habari ya injini, akidhani amepata wa kumuunga mkono. Sheikh akasoma mkataba, akasema hauna kasoro, kamati yao ndiyo iliyoupitisha. Kisha akanigeukia.

"Binti, siku mama anasaini, injini ilikuwa ya nani?"

Meneja alinikazia macho. "Ya mwenye duka, Sheikh," nikasema.

"Basi mliuza mali ya mtu mwingine. Hapakuwa na mauzo hapo. Hasara ni ya benki, na mama arudishiwe alichotanguliza."

Meneja akasimama. "Lakini Sheikh, huyu hata si Mwislamu! Na posho yako inatoka hapa hapa."

Mwanangu, sikuwahi kudhani mtu mzima angeweza kumwambia mzee mwenzake maneno yale. Sheikh alivua miwani, akamtazama mpaka yule bwana akaketi mwenyewe.

"Nimelipwa nikague, sikulipwa nikubali. Nani kakwambia dhuluma inaruhusiwa kwa jirani wa dini nyingine?"

Uamuzi ukaenda makao makuu, ukakubaliwa, na boti likabaki kwa mwenyewe. Nilipompelekea Mama Damari fedha zake pale ufukweni, alinishangaa. "Yaani Sheikh wenu amewahukumu ninyi?" Akacheka huku machozi yanamtoka, akauliza kama injini bado tunauza. Safari hii benki ilinunua kwanza, mama akaja akaishika kwa mikono yake, ndipo akasaini.

Lakini kilichonishtua kuliko yote kilikuwa mlangoni, siku ile ile Sheikh anaondoka. Nilimuaga, akaitikia, kisha akauliza taratibu: "Binti, ulijua tangu mwanzo. Ulikuwa unasubiri nini?"

Sasa wewe Jumatatu unaanza kazi kwenye kitengo cha ukaguzi wa sharia cha benki, kazi ile ile ya Sheikh. Karatasi nzuri isikutoshe, uliza mali iko wapi na ni ya nani. Anayekulipa mheshimu, lakini usimuuzie ulimi wako. Na ukiona mtu anaonewa, usingoje Sheikh afike. Mungu akujalie kusema mapema, mwanangu, mtu akiwa bado hajashika kichwa.