Ntandu Kafa Anashikilia Nahodha Hakukosea

Sikubali, jamani. Tumemzika jana kule Sepuka na mimi bado nashika simu nimpigie, halafu naiweka. Nakaa, nasimama. Mke wangu ameniambia nitatoboa sakafu.

Kwa msiomjua: Ntandu Mnyaturu, mimi Mnyiramba, watani. Ndiyo maana sikumheshimu hata alipozeeka. Enzi za Ujamaa tulikuwa ofisi moja Singida Mjini, yeye stoo kipa, mimi karani.

Injinia mmoja mgeni alipomaliza mkataba alimwachia Ntandu kitabu cha Kiingereza. Nyuma kiliandikwa kwamba kimetokana na mchezo wa televisheni, wa watu wanaosafiri angani. Televisheni yenyewe hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Tukakisoma hivyo hivyo.

Kilizunguka ofisi nzima mpaka jalada likang'oka. Dereva wetu alisema ni uongo mtupu, chombo kinakwenda mbali vile hakina hata spea tairi. Mama wa chai, aliyesimuliwa tu, alitaka kujua hao watu wanapika wapi. Bosi alisema hakina mafunzo kwa taifa, ila kukirudisha ikawa shughuli.

Ugomvi wetu sisi wawili ulikuwa mmoja. Sayari inaungua, nahodha anapakia watu wote, bibi kizee mmoja anagoma kutoka kwake. Nahodha anamwacha, anaondoka. Ntandu akasema ni sawa kabisa, huwezi kuangamiza wote kwa ajili ya mmoja. Mimi nikasema huyo si nahodha, ni utingo. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Kisha ikaja zamu ya kwao Ntandu kuhamishiwa kijiji cha Ujamaa. Nilikwenda naye kusaidia kupakia. Lori linanguruma, mizigo imeshapanda, mama yake amekalia kinu hataki kuinuka. Alisema aliolewa pale na hatoki. Waliosimamia wakahimiza, jua linakwenda.

Ntandu akapanda, akashusha godoro lake, akaja kukaa chini kando ya mama yake.

Nilipata nguvu, nikamwambia haya, leo si umekubali nahodha alikosea? Akanitazama kwa hasira.

"Kile ni kitabu. Huyu ni mama yangu."

Lori likaondoka bila wao. Mama alihama baadaye kwa hiari yake, kwa miguu, mbuzi mbele, Ntandu nyuma na kinu kichwani. Na aliporudi kazini, hata hajavua kofia, akaanza: nahodha hakukosea! Mtu gani huyu? Nilitamani kumzaba kofi.

Basi ikawa hivyo maisha yetu. Harusi ya binti yangu, anabisha. Nimelazwa, kaja na machungwa, kayamenya, anabisha. Televisheni zilipofika tuliusubiri sana ule mchezo utuamue. Haukuonyeshwa.

Jana nikafanya ya watani. Jeneza linataka kushushwa, nikasimama mbele, nikasema hazikwi mtu hapa. Wakaniletea kuku, nikakataa. Nikasema nataka mtu wa nyumba hii akiri mbele ya watu kwamba yule nahodha alikosea. Watu wakacheka sana. Mimi nikajikita pale pale, kwa sababu nilijua nikipisha tu, basi, imekwisha.

Mjane wake, Mama Neema, akasogea akanishika mkono.

"Shemeji, alijua utazuia. Alisema nikwambie nahodha hakukosea, na utoke njiani."

Loo, Ntandu! Mpaka kaburini!

Nikapisha. Ningefanyaje? Nikalia kama mtoto, na kuku nimeachiwa mkononi.

Usiku kucha nimegeuka kitandani natafuta jibu, na sasa ninalo, Ntandu, ila wewe huna nafasi ya kulijibu. Inaniuma hiyo kuliko yote. Umesema yule bibi aachwe, umesema maisha yako yote, halafu ukaomba wakuzike kando ya mama yako.

Haya, pumzika naye, mtani wangu. Ila nahodha alikosea.