Matumbo ya Mbwa Kwenye Sanduku la Mwanangu

Admin, naomba unifiche vizuri, maana mume wangu naye anasoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa. Nimeolewa na Mnyakyusa, tunaishi Uyole hapa Mbeya, tuna watoto wawili. Wa kike yuko darasa la awali, wa kiume bado hajafika miaka miwili. Naandika nikiwa na kichefuchefu, na sina mimba.

Kila asubuhi napanda baiskeli. Binti anakaa mbele kwenye kiti kidogo alichonichomelea fundi, mdogo wake anakaa nyuma kwenye sanduku la mbao za paini alilotengeneza kaka yangu wa Mafinga. Lina mkanda wa kumfunga mtoto na turubai la kumkinga na mvua. Namshusha binti shuleni, halafu naenda na huyu mdogo kazini, kwenye vitalu vya miche ya parachichi, ambako bosi ananiruhusu kuwa naye. Mbwa wetu wawili hunisindikiza hadi lami, maana mtaani kwetu kuna mbwa wengine wakorofi. Watu wananicheka, eti mwanamke anakanyaga baiskeli kama muuza mkaa. Wacheke tu, mimi bila baiskeli sina kazi, kwa miguu siwezi kuwafikisha wote kwa wakati.

Sasa mume wangu. Mbwa ni wake na chakula chao ni matumbo ya nguruwe anayochukua machinjioni. Ana pikipiki. Lakini pikipiki yake haibebi matumbo, ng'o! Anaipanda kwenda ofisini na kwenye mazoezi ya kwaya, hataki inuke. Kwa hiyo anachukua baiskeli yangu na kumwaga matumbo kwenye sanduku analokaa mwanangu. Mara ya kwanza nilipokuta damu imeganda kwenye pembe za mbao nilipiga kelele. Akanijibu, "Mke wangu, hilo ni sanduku tu, siyo sahani." Nikalisugua kwa sabuni na majivu mpaka vidole vikachubuka. Akaapa kwamba atatumia ndoo yenye mfuniko, nami nikamnunulia. Ile ndoo leo anawekea maji ya kuoshea pikipiki.

Jumatatu moja nikiwa njiani nikasikia mtoto kanyamaza huko nyuma, anatafuna. Mimi sikuwa nimempa kitu. Nikasimama nikageuka. Jamani. Alikuwa amechomoa kipande cha utumbo kilichobana chini ya kitenge anachokalia, kimebadilika rangi, kinateleza, kakishika kwa mikono miwili anakinyonya kama muwa. Nilimtoa kile kitu mdomoni kwa kidole changu. Nimeuguza wagonjwa, nimefua nepi za kila aina, lakini kinyaa kama kile sikijui. Jioni mtoto akaanza kuhara, kesho yake kutapika, tukalazwa na dripu. Daktari akauliza amekula nini, nikasema wazi. Mume wangu alikuwa pale pale, anatazama viatu vyake. Daktari alipotoka akaninong'oneza, "Hili libaki kwetu. Nyumbani wakisikia nitauficha wapi uso wangu?"

Mtoto akapona, namshukuru Mungu. Juzi baba mkwe akaja kutoka Tukuyu kuuliza kilichompata mjukuu wake. Kwa msiojua, ukoo wa mume wangu bado wanashika ile mila ya zamani, mkamwana haonani na baba mkwe wala hasemi naye. Mzee akiwa sebuleni, mimi nakaa jikoni nyuma ya pazia, na maneno yangu yanapelekwa na mume. Mama mkwe angekuwa hai angenisemea, lakini alishafariki. Kwetu Iringa hatuendi hivyo, ila nilipoolewa nilijifunza na sijawahi kuivunja.

Mzee akasema, "Kamwulize mama mtoto, huyu mtoto alikula nini?" Mume wangu akaja jikoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwambie baba ukweli. Mwambie ni matumbo ya mbwa uliyobeba kwenye sanduku la mtoto." Akaitikia kwa kichwa, akarudi sebuleni. Pazia siyo ukuta, nilisikia kila neno. Akasema, "Baba, anaomba msamaha. Anasema ni baridi. Anamzungusha mtoto na baiskeli asubuhi kwenye ukungu, na mimi nimemkataza sana."

Yaani aliniombea msamaha kwa uchafu wake! Na mzee wa watu, mpole, akajibu, "Ndaga, asante kwa kusema kweli. Mwambie sijamkasirikia. Baiskeli nitaondoka nayo, mdogo wako atabebea ndizi. Yeye akae nyumbani alee watoto."

Mume wangu akarudi jikoni kuongeza chai, anatabasamu. "Yameisha vizuri, baba hana kinyongo," akasema, akanishika bega. Nilitoka mbio hadi uani nikatapika. Tangu hapo nampakulia chakula ale peke yake, maana kumwona akitafuna siwezi. Anaimba kwaya, anaombea chakula kabla ya kula, na mimi nasikia harufu ya yale matumbo kwenye kila neno lake. Nilimwambia nitasema mwenyewe. Akacheka, "Utasema na nani? Wewe ni mkamwana."

Baba mkwe anaondoka kesho asubuhi. Baiskeli imeshafungwa kamba, iko barazani. Hivi ninavyoandika niko jikoni, yeye yuko sebuleni kampakata mwanangu, nasikia anambembeleza, "Pole mjukuu wangu, mama hatakutesa tena na baridi."

Nikivuka hili pazia nitakuwa nimevunja heshima ya ukoo mzima, na jina la mwanamke asiye na adabu halitanitoka tena. Nikinyamaza, kazi yangu imekwenda, na huyu mzee ataingia kaburini akiamini mimi ndiye niliyemlaza mjukuu wake hospitali. Ndugu zangu, hasa nyie mlioolewa kwenye koo za namna hii, nishaurini mapema kabla hajaondoka. Nivuke?