Jiko la Kimo Changu

Nilikuwa na miaka thelathini na miwili nilipojua kwamba joto ni adui yangu. Tulikuwa tumeteremka Mtowisa, bondeni kwenye joto, mimi na mume wangu, kutafuta mchele. Nilikaa juu ya gunia juani nikimsubiri amalize kuzungumza na wenye mzigo, na nilipotaka kusimama miguu ilikataa. Haikuuma. Ilikataa tu, kama miguu ya mtu mwingine. Jicho la kushoto nalo likaingia ukungu. Mume wangu alinibeba hadi kwenye lori watu wakitutazama. Lori lilipopanda mlima na baridi ya Ufipa ikaanza kuingia chini ya turubai, vidole vya miguu vikaanza kucheza kimoja kimoja. Tulipofika Sumbawanga nilishuka mwenyewe.

Majirani walisema nimechezewa na wachawi. Mume wangu hakuwasikiliza, alinipeleka hospitali, na hospitali ile ikatutuma nyingine ya mbali zaidi. Huko daktari mmoja mzee alinieleza kwamba mishipa ya fahamu ina ala, kama waya wa umeme ulivyo na ganda lake, na kwamba mwili wangu wenyewe ulikuwa unaila ala hiyo. Aliutaja ugonjwa kwa jina refu la kigeni. Akasema utakuwa unakuja na kuondoka, lakini kila ukiondoka huenda ukachukua kitu.

Ulichukua mguu wa kulia kwanza. Baada ya mwaka na nusu nikaacha kufundisha, kwa sababu sikuweza tena kusimama mbele ya ubao. Ndipo mdogo wangu akaja kutoka Mpui, nyumbani kwetu, kunisaidia.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alifika na furushi la nguo na debe la unga wa ulezi kichwani, akapiga magoti akanisalimu shikamoo dada, kisha akainuka bila kushika chochote. Nakumbuka hilo kuliko salamu yenyewe. Aliinuka moja kwa moja, na debe likiwa bado kichwani.

Wiki za mwanzo nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Kisha nikaanza kusikiliza. Mtu anayelala mchana huwa na masikio marefu. Nilimsikia anavyotembea jikoni kwangu, hatua nyepesi, huku akiimba nyimbo za kwaya. Nilisikia masufuria yakiwekwa mahali ambapo mimi sikuyaweka. Mume wangu alikuwa akirudi anapitia jikoni kwanza, na wakianza kuzungumza Kifipa harakaharaka nilisikia kicheko chake, kile kicheko cha puani ambacho nilidhani nakijua mimi peke yangu. Akiingia chumbani alikuwa ameshamaliza kucheka. Aliniuliza kwa upole kama nimemeza dawa.

Mambo yalikuwa yanabadilika mjini. Maduka yaliyokuwa na chumvi na sabuni za magendo tu sasa yalijaa vitu. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao kununua mahindi, na chama cha ushirika alikofanya kazi mume wangu kikapunguza watu, yeye akiwa mmoja wao. Akafungua kibanda cha mitumba sokoni. Hiyo ilikuwa ndoto yangu. Tangu niko chuo cha ualimu nilikuwa nashona, nilijua kitambaa kwa kukishika. Miaka yote tulipokuwa hatuna hata khanga ya kubadilisha nilikuwa namwambia, siku biashara ikifunguliwa nitauza nguo. Biashara ikafunguliwa. Aliyesimama kibandani, akikung'uta makoti na kuita wateja, alikuwa mdogo wangu.

Walikuwa wanatoka pamoja asubuhi baada ya kuniwekea chai na viazi karibu na kitanda. Walirudi pamoja wakinukia vumbi la soko. Jumamosi moja alirudi amevaa koti la kijani. Mume wangu akasema, "Limemkaa vizuri, mwalimu, au siyo?" Nikasema limemkaa. Usiku sikulala. Sikuwa naogopa kwamba kuna jambo baina yao, au niseme ukweli, niliogopa, lakini hilo halikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa kwamba koti lile ningelichagua mimi, kwenye marobota yale yale.

Parokia ikanipatia kiti cha magurudumu kilichotoka ng'ambo. Kilikuwa kizuri, ila hakikupita mlangoni. Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, wa mbele una kizingiti kirefu na ngazi tatu, na chooni hata mtu mwenye miguu mizima alipita kwa kujipinda. Kwa siku mbili kiti kilikaa uani kama mgeni asiyekaribishwa. Siku ya tatu mume wangu alimleta fundi mwashi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Alitoa fremu za milango na kuzipanua. Kizingiti alikivunja, na mahali pa ngazi akamwaga mteremko wa saruji, akiukwaruza kwa ufagio saruji ikiwa mbichi ili magurudumu yasiteleze. Chooni alijenga kiti cha matofali juu ya shimo na kufunga bomba la chuma ukutani la kushikia. Nilipojisukuma mara ya kwanza kutoka chumbani hadi uani, bila mkono wa mtu mgongoni, nilizunguka nyumba mara tatu.

Kazi ilikuwa imekwisha. Mume wangu na mdogo wangu walikuwa sokoni. Nikamwambia fundi, "Bado jiko."

Alinipima nikiwa nimekaa. Nikamwambia ajenge jiko la matofali lifike chini kidogo ya kiwiko changu, ashushe kichanja cha vyombo, ashushe rafu za unga, ashushe hata msumari wa kutundikia mwiko. Lile jiko refu ambalo mdogo wangu alilizoea nikamwambia alibomoe.

Fundi akasita. "Mwalimu, na huyu binti atapikaje? Hapo ni pa chini mno kwa anayesimama, na pa juu mno kwa anayekaa kigodani. Ataumia mgongo."

"Jiko ni langu," nikasema.

Alibomoa.

Mdogo wangu aliporudi jioni alisimama mlangoni akatazama. Alivua koti la kijani, akainama, akawasha moto. Alipika ameinama siku ile na siku nyingi zilizofuata, na mimi nilisogeza kiti changu mlangoni nikamtazama. Nasema hivi kwa aibu, lakini nilifurahi. Kila aliponyooka na kushika kiuno, kitu ndani yangu kilikaa sawa.

Nilipoamua kupika mwenyewe nilichagua siku ambayo wote hawapo. Nilikata mboga vizuri. Nilibandika maji, yakachemka, nikatia unga, nikaanza kusonga. Uso wangu ulikuwa sawasawa na mvuke. Baada ya muda mfupi mkono ukalegea, mwiko ukaanguka, ukungu ukarudi machoni. Jiko la kimo changu lilinipulizia joto lote kifuani, joto lile lile la Mtowisa. Nilivuta kiti nyuma nikakaa, ugali ukiungua mbele yangu, hadi mdogo wangu alipofuata harufu kutoka barabarani.

Aliepua sufuria. Akaloweka kitambaa katika maji baridi akaniwekea shingoni. Kisha akaketi sakafuni.

"Dada, unanionea wivu?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya shemeji?"

"Kwa ajili ya miguu yako. Na shemeji pia. Na soko."

Aliitazama miguu yake. "Mimi nimekuonea wivu tangu mtoto. Baba alikupeleka chuo. Zamu yangu ilipofika akasema mmoja anatosha, wewe baki na mama shambani. Ulikuwa unakuja likizo na viatu, mimi nakuoshea. Nilipoitwa huku nilifurahi, dada. Mungu anisamehe. Nilisema sasa na mimi nitakaa mjini."

Sikujua hilo. Tulilelewa nyumba moja na sikujua.

"Sasa umeniumiza mgongo," akasema, "na wewe hupiki. Amefaidika nani?"

Hatukukumbatiana. Alisugua sufuria lililoungua, nami nikamenya viazi. Lakini kesho yake alimwita fundi yeye mwenyewe, akasimama naye pale jikoni akipanga. Walivunja ukuta wa upande unakotoka upepo, wakaacha nafasi wazi yenye paa tu. Jiko moja likawa la kimo chake, la kusongea ugali. Lingine, la kimo changu, likawekwa kwenye uwazi huo ambako baridi ya Ufipa inapita mchana kutwa. Hapo niliweza kupika mboga, maharage, na samaki wa migebuka wakiletwa kutoka Kasanga, ziwani. Ugali ulibaki wake. Asubuhi alianza kuniletea marobota nyumbani kabla hayajaenda sokoni, nikawa nachagua nguo na kushona zilizochanika. Wivu haukuisha. Jioni nilipomsikia mume wangu akicheka jikoni bado nilisukuma kiti haraka nikawahi kujua wanacheka nini. Tofauti ni kwamba sasa mlango ulinipisha.

Alikaa nasi miaka minne. Akaolewa na mfanyabiashara wa Kasanga anayesafirisha mizigo ziwani. Kanisa lilikuwa na ngazi, wanaume wanne wakanibeba na kiti changu, nikiwa nimefumba macho kwa hasira. Baada ya misa walicheza ngoma hadi vumbi likafunika viatu. Mdogo wangu alicheza akiinama na kuinuka, gauni nimelipunguza kiuno mimi mwenyewe, na nilimwonea wivu tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Alipoondoka kesho yake, mume wangu alisimama juu ya mteremko akipunga mkono mpaka gari likapotea. Nikaona anafuta macho.

"Ningeondoka mimi ungelia?" nikamwuliza.

"Wewe huendi popote," akasema.

Alimaanisha mema. Kisha akasikia alivyosema, akanigeukia uso umembadilika, na mimi nikashindwa kujizuia, nikacheka. Akacheka naye, kile kicheko cha puani. Akauliza tule nini. Nikamwambia asonge ugali yeye. Alisonga wenye madonge, tukaula.