Kitambaa cha Shangazi Martina

Nilipokuwa mtoto, pale kijijini Bonga, nilidhani kila mwanamke akikua huanza kufunga kichwa kwa kitambaa mpaka nyusi zinapanda, kwa sababu shangazi yangu Martina alifunga hivyo kila siku. Alikuwa dada yake baba. Ndoa ilimshinda akarudi kwa bibi, na alirudi na maumivu. Alisema uso unamjaa, kwamba kuna kitu kimemkalia juu ya pua na nyuma ya macho, hakiumi kama jino, ila hakiondoki. Hospitali walimpima malaria, wakampa panado, akirudi wanampima tena malaria.

Bibi yeye chanzo alikijua. Shangazi alikuwa amechota maji ya chemchemi kwa sufuria yenye masizi, tena saa sita mchana, na kwetu hata mtoto anajua kwamba mwenye maji, pepo anayekaa chemchemini, hataki chombo kilichoona moto. "Wewe ulimchafulia uso wake," bibi alimwambia, "na yeye ameshika wako."

Msidhani bibi alikuwa mtu wa porini. Alikuwa mama wa kanisa, wa benchi la mbele, na kitenge cha sare. Nilipomuuliza kama Mungu hatachukia, alinijibu bila kuacha kuchambua maharage: "Mungu yuko juu. Huyu yuko hapa jirani, na jirani ukimkosea unaenda kumwomba radhi."

Alikuwa na kondoo mmoja tu. Mzee wa jirani alimchinja pale juu ya chemchemi asubuhi na mapema, mafuta yake akapakwa shangazi kwenye paji la uso. Kisha ilitakiwa mtoto wa kike ambaye hajavunja ungo ammwagie maji usoni kwa kibuyu kipya. Mtoto huyo nilikuwa mimi, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

"Mwaga taratibu," bibi alisema. "Na usijiguse uso mpaka mikono ikauke. Ukijigusa, kinakuja kwako."

Nilimwaga taratibu. Lakini mafuta ya kondoo yalikuwa yameita inzi, mmoja akatua pembeni ya jicho langu, na mkono ukaenda wenyewe. Bibi aliniona.  Alichukua khanga yake akanikausha mikono, kidole kimoja baada ya kingine, na aliendelea kuikausha hata ilipokuwa mikavu.

Wiki ile ile shangazi alifungua kitambaa. Alitembea na paji la uso wazi, akaenda kisimani na shambani na kanisani hivyo hivyo, na bibi akawa haongei kingine. Aliwasimulia majirani, akamsimulia hata katekista. Bibi alikufa akiwa na furaha hiyo.

Mimi hali hiyo ilinianza nikiwa tayari na watoto wawili na cherehani yangu sokoni hapa Babati mjini. Niliinama kukata gauni la mteja, uso ukajaa, na haujapungua mpaka leo. Nikiinama unazidi, na fundi cherehani asipoinama anakula nini? Nimepigwa picha ya kichwa. Nimeingizwa kamera puani. Nimepewa miwani, nimepewa dawa za mzio, nimeng'olewa jino zima kwa kukisia. Majibu yote safi. Daktari wa mwisho, kijana mpole, aliniuliza kama nina mawazo. Nikamwambia mawazo ninayo, ila yalikuja baada ya hili. Akatikisa kichwa, akaniandikia vidonge vya usingizi.

Kilichokuwa kinanibeba ni yule inzi. Najua mtanicheka. Lakini nilikuwa nalala nikijiambia kwamba kama kilitoka kwa shangazi kikaja kwangu, basi ni kitu chenye miguu, na chenye miguu kinaweza kuondoka. Shangazi alipona. Nilishaanza hata kuulizia kondoo.

Juzi shangazi alikuja kunitembelea kwangu, mtaa wa Bagara. Amezeeka, alishuka kwenye bajaji kwa kushikwa mkono.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama. Uso unakujaa?"

Nilimweleza mpango wangu wote. Kondoo, chemchemi, binti yangu Neema ndiye atamwaga maji, na safari hii tutamkausha mikono mapema. Alinisikiliza huku chai yake ikipoa.

"Mwache mtoto," alisema.

"Lakini wewe ulipona, shangazi."

"Sikupona." Alisema kama mtu anayekuarifu kwamba chumvi imekwisha. "Mama alichinja kondoo wake wa pekee. Kila asubuhi ananiangalia usoni kabla hata ya kunisalimia. Ningemwambia nini? Nikafungua kitambaa. Nikawa nakifunga usiku, mlango ukiwa na komeo."

"Na sasa?"

"Hata sasa hivi ninavyoongea na wewe."

Nilimchukia. Nasema kweli, kwa muda nilimchukia mwanamke huyu aliyenibeba mgongoni, kwa kutoendelea kunidanganya. Inzi alikuwa inzi tu. Hakuna kilichotoka kwake kuja kwangu. Yeye ana lake na mimi nina langu, na la kwangu halikuingilia popote ninapopajua, sasa nitalitolea wapi?

Nililia. Hakunibembeleza. Alifungua mkoba wake akatoa kitambaa kilichokunjwa vizuri, akanifunga. Fundo hakuliweka kisogoni, aliliweka juu ya sikio, akavuta mpaka nyusi zangu zikapanda. "Hakiponyi," alisema. "Ila ukikaza sana unasikia kitambaa kuliko lile lingine."

Tulikaa hivyo. Kisha nikasikia geti. Ni mume wangu anarudi kutoka kazini, mtu aliyeuza pikipiki yake ili nikapigwe ile picha ya kichwa, na ambaye kila jioni huniangalia usoni kabla hajavua viatu. Mikono yangu ilikwenda yenyewe. Nilifungua fundo, nikakisukumia kitambaa chini ya mto wa kochi, nikajiweka sawa nywele.

"Mama Neema," aliuliza akiwa bado mlangoni, "vipi leo?"

"Leo afadhali," nikamwambia.

Akatabasamu. Shangazi alichukua kikombe chake, akanywa ile chai iliyopoa.