Bao la Shikamoo

Sisi tuliokulia Ibra, huku Omani, kabla kila mtoto hajawa na simu yake, mpira tulijifunza kwa kuchubuka magoti. Mimi sikufundishwa na mtu. Niliupiga ukutani nyuma ya nyumba na kuudaka, mara mia kwa siku, na nikikosa mmoja naanza upya, hata mama akachoka: "We mtoto, ukuta huo umekukosea nini?" Ndani mikate ya kumimina inapoa, nami bado nahesabu. Nakiri, ndivyo nilivyo mpaka leo.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni, vita vilikuwa vimewaka ng'ambo ya mpaka wa kusini. Tukaambiwa tutacheza na timu ya wanajeshi ambao wiki ile ile wangepelekwa kulinda mpaka. Mji mzima ulikuja, hata akina bibi na birika zao za kahawa. Mwalimu wetu wa mpira, mtu wa Nizwa asiyejua neno la Kiswahili, aliniambia waziwazi: nikifungwa bao la uzembe, fulana ya kipa anapewa mwingine.

Lakini tulikuwa na silaha yetu. Mimi na beki wangu Suleimani tulitoka nyumba za watu wa Unguja, na uwanjani tulipanga mambo yetu kwa Kiswahili, wapinzani wakabaki kututazama midomo. Siku ile nilidaka kila kilichokuja. Zilipobaki dakika chache, hatujafungana, wakapata penalti. Akaja kupiga askari wa makamo mwenye kitambi. Nikampigia kelele Suleimani: "Mzee huyu na tumbo lake, hata kuufikisha golini hawezi!"

Askari akauweka mpira chini taratibu. Filimbi ikalia.

"Tumbo hili limekula pilau ya Unguja kabla hujazaliwa, mwanangu," akasema kwa Kiswahili safi. "Na kwenu wakubwa hamwaamkii?"

Mikono ilishuka yenyewe, kichwa kikainama. "Shikamoo, ami."

"Marahaba," akajibu, akapiga.

Suleimani alianguka chini kwa kicheko. Mwalimu alinijia mbio akitaka kujua nimeinamia nini. Nikasema jua limenipiga machoni, na miaka yote nimewaambia watu ni jua. Halikuwa jua. Yule ami akatufuata, akamwambia mwalimu kwa Kiarabu: "Usimtoe kijana huyu. Ametunyima mabao mchana kutwa. Hili moja nimemwibia." Hakueleza zaidi. Fulana ikabaki mgongoni mwangu mpaka namaliza chuo.

Siku hizi nafundisha makipa wadogo, watoto wa nyumba zetu hizo hizo. Wana glavu nzuri na viatu vya rangi ya peremende, na kuruka wamejifunza kwenye video. Wanadaka kuliko nilivyodaka mimi, nasema kweli. Juzi niliwasimulia kisa hiki. Mmoja akaniuliza, bila utani wowote: "Kochi, si ungedaka kwanza, ukamwamkia baadaye?"

Ana haki. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kufungwa bao lile, na hilo linaniuma kuliko bao lenyewe.