Rangi ya Papai

Siku ya kwanza kuingia karakana ya redio pale Ngamiani, miaka ya hamsini, Fundi Mkuu Bwana Idrisa Kombo hata kiti hakunipa. Alisema, "Mwanahamisi, mjomba wako Shebe kanibembeleza sana. Nakujaribu siku saba. Ukiharibu redio ya mtu, unarudi kwenu." Kwetu Muheza alikuwako mume niliyemkimbia. Basi siku zile sikupepesa macho.

Shule niliishia darasa la pili, lakini vidole vilizoea kusuka ukili wa mikeka, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzungusha waya mwembamba kwenye koili. Kisha nikafunzwa kulehemu, kuunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa. Siku ya sita nikaonyeshwa rezista: kijiti mfano wa karafuu, kazi yake kuubana umeme usipite wote. Kina mistari ya rangi, na rangi hizo ndizo hesabu yake.

"Funga yenye njano, zambarau, halafu chungwa," akasema Fundi Mkuu.

Nikaitafuta kwenye kopo, nikafunga. Redio ilikuwa ya Bwana Stefano, karani wa shamba la mkonge. Tukaiwasha. Valvu, zile taa zake za kioo, zikawaka. Sauti hakuna, hata mkoromo.

Fundi Mkuu akainama kutazama. "Umefunga kijani! Hii inabana umeme mara mia zaidi. Huna macho?"

"Ninayo, fundi. Umesema chungwa."

"Sasa hili ni chungwa?"

"Chungwa la wapi, fundi? Ya kwetu yakiiva ni kijani."

Nikaanza kukunja kanga yangu, nikijua safari ya kurudi Muheza imefika. Yeye akatoka mlangoni, akamwita Bi Zuhura muuza matunda. "Bibi, machungwa yako rangi gani?"

"Kijani, lakini matamu, mwanangu. Leo umeanza kuchagua rangi?"

Akanunua moja, akarudi nalo ndani, akalimenya. Nusu akanipa. "Mimi rangi hizi nimezisoma kitabuni," akasema. "Ibadilishe. Tangu leo hapa tunasema papai, ndani yake likiiva. Na kesho uje mapema."

Sikurudi Muheza. Nilifanya kazi naye mpaka akazeeka, nikahamia karakana ya shamba la mkonge chini ya Msimamizi Bwana Yohana Shekiondo, nikamalizia kazi karakana ya Chumbageni, macho yalipokataa kutofautisha kahawia na nyekundu.

Sasa mjukuu wangu Rehema anakwenda chuo kikuu kuanza somo la saketi. Jana alikaa mkekani na karatasi ya rangi za rezista, uso umemshuka. "Bibi, wenzangu watakuwa wanajua. Nikiuliza watanicheka."

"Watacheka. Soma."

"Nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa..."

"Chungwa la wapi?"

Akanitazama. Nikamhadithia haya niliyowaandikia. Alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akachukua kalamu, akakata neno moja kwenye karatasi yake, akaandika papai.